Kwa nini wimbo wa huzuni unatugusa hivi, na kwa nini hautoki kichwani?

Chukua Malaika, ule wimbo aliourekodi Fadhili William wa Kenya, baadae Miriam Makeba akausambaza dunia nzima. Maneno yake ni ya kijana anayempenda binti ila hana mali ya kumwoa, basi, ndo hadithi yote hiyo, jamaa kakwama. Lakini nenda ukumbini siku ya harusi, bendi ikiupiga watu wanashikana wanacheza taratibu na bibi harusi mwenyewe anauimba kwa hisia zote. Sasa hapo kuna swali la kweli kabisa, maana huzuni kwenye maisha tunaikimbia, hakuna anayeamka asubuhi akaomba apate la kumliza, iweje tukiikuta kwenye wimbo tunarudisha mwanzo tuisikie tena?

Anza na sauti. Mtu mwenye huzuni anaongea vipi? Taratibu, sauti iko chini, haina kupanda na kushuka kwingi, maneno anayavuta, kuna muda inakwaruza au inakatika. Wimbo wa huzuni unafanya hivyo hivyo. Mwaka 2003 watafiti Patrik Juslin na Petri Laukka walikusanya tafiti nyingi za jinsi watu wanavyoonyesha hisia kwa kuongea na jinsi wanamuziki wanavyozionyesha kwa kupiga, wakakuta alama zinafanana sana. Yaani mwili wako unasikia mtu anaumia na unaitikia kabla hata akili haijaanza kuchambua maneno. Ndo maana watu wazima wa Dar, Nairobi na Kampala wamelizwa miaka na miaka na rumba ya Kongo, Kilingala chenyewe hawakijui, wanaguswa tu na ile sauti inayovutwa na gitaa linaloitikia nyuma yake.

Kuna wanaosema siri yote ni kupiga kwenye skeli ya maina, yaani ule mpangilio wa sauti za muziki unaosemwa ni wa huzuni. Inachangia sana tu, ila sio yote. Malaika iko kwenye meja, ile skeli inayosemwa ni ya furaha, na bado inauma. Na taarab yetu imechota mahadhi ya Kiarabu ambayo mengine hata hayaingii kwenye hesabu hiyo ya maina na meja, nani atasema taarab haijui huzuni?

Halafu kuna vile vipande vidogo ndani ya wimbo ambapo ghafla ngozi inasisimka au koo linakaba. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Uingereza anaitwa John Sloboda alitoa matokeo ya kuwauliza watu 83 ni sehemu ipi hasa ya muziki inawagusa mpaka mwilini, kama kutokwa machozi au kusisimka ngozi. Waliotaja sehemu kamili inayowatoa machozi mara nyingi waliangukia kitu kimoja, noti, yaani sauti moja ya muziki, inayoingia ikiwa inagombana na zile zilizo chini yake, inakaa hapo kidogo inakuumiza, kisha inashuka na kutulia. Ukisikiliza kwa makini utaona mwimbaji mzuri anaichelewesha makusudi, anakuning'iniza. Na mwaka 2011 kule Montreal, kina Valorie Salimpoor waliwapima watu ubongo wakiwa wanasikiliza muziki unaowasisimua, wakaona dopamini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na raha, inatoka mara mbili, pale msisimko unapofika na hata kabla, wakati msikilizaji anaungojea. Kwa hiyo wimbo unaoujua nje ndani haukuchoshi upesi, kule kungoja kwenyewe ni raha.

Ila bado hatujajibu, mbona huzuni iwe tamu? Jibu linalonishawishi mimi ni hili: wimbo unakupa hisia ya msiba bila msiba. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyekuacha, hakuna deni la kulipa kesho, unabaki na ule upande wa kufarijiwa tu. David Huron, mtafiti wa muziki, mwaka huo huo wa 2011 alipendekeza kwamba huenda mwili unatoa prolaktini, homoni inayohusishwa na kutuliza, kana kwamba umeumia kweli. Hilo ni pendekezo, sio jambo lililofungwa. Kingine, Liila Taruffi na Stefan Koelsch waliwahoji watu 772 wa nchi mbalimbali, wakatoa matokeo 2014, na hisia iliyotajwa zaidi kwenye muziki wa huzuni haikuwa huzuni yenyewe, ilikuwa ile hali ya kukumbuka ya zamani kwa mapenzi.

Na hapo ndo kwenye kubaki kichwani. Nyimbo za tangu utoto unaisha mpaka miaka ya ishirini na kitu zinashika kuliko za umri mwingine, maana ndo wakati wa mapenzi ya kwanza, kuhama nyumbani, kufiwa kwa mara ya kwanza ukiwa unaelewa. Wimbo unajifunga na siku zile, ukipigwa unakuja na zote, mpaka harufu ya chumba.

Kwenye misiba yetu hili linaonekana wazi. Yule kaka mkubwa aliyehangaika na jeneza, michango, turubai, kupokea ndugu wa mkoani, hajadondosha chozi siku zote hizo, watu wanasema huyu kajikaza. Kwaya inasimama, sauti ya pili inaingia chini ya ile ya kwanza, na yeye huyo analia mpaka anashikwa. Hajapewa taarifa yoyote mpya. Nadhani ni kwamba sauti nyingi zikilia pamoja kwa mpangilio zinampa mtu ruhusa ya kulia na mahali pa kuegemea kwa wakati mmoja, na baada ya hapo wimbo ule kwake hautakuwa wimbo wa kawaida tena, hata akiusikia kwenye daladala miaka kumi mbele.

Ila sio kila mtu anatoka hapo amepona. Sandra Garrido wa Australia amefanya tafiti kwa watu wenye sonona na wale wenye tabia ya kuzungusha mawazo mabaya kichwani bila kuyaachia, na wengi wao nyimbo hizi zinawazamisha zaidi wakati wenyewe wanaamini zinawasaidia. Kwa hiyo kama una ndugu au rafiki anayejifungia ndani na hedifoni, wimbo ule ule usiku kucha, na kila ukimwona asubuhi yuko chini kuliko jana, usimwachie muziki peke yake kazi ya kumfariji. Gonga mlango, kaa nae, muulize huo wimbo unamkumbusha nini.