Wasifu wako wa mtandaoni umo kwenye logibuku ya fildi

Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunga, barua za wanafunzi wanaoomba fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, huanza kumiminika mezani kwangu. Nashughulikia ajira katika kampuni ya ushauri wa kihandisi hapa Dar es Salaam, na mimi ndiye ninayezisoma kwanza. Nikimaliza barua, nalitafuta jina la mwombaji mtandaoni, hasa LinkedIn. Barua nyingi zinafanana neno kwa neno, kwa hiyo kule ndiko ninakotarajia kumwona mtu mwenyewe.

Mara nyingi simwoni. Namkuta mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyejiandika "Mhandisi, Kiongozi, Mbunifu wa Suluhisho, Mkurugenzi Mtendaji". Nikishuka chini kutafuta alichofanya, naambiwa anajituma, anapenda kujifunza na anaweza kufanya kazi na watu. Saiti hata moja haitajwi. Inaniuma, kwa sababu nawafahamu vijana hawa: wengi wao wamefanya kazi halisi, ila hakuna aliyewaambia kwamba kazi hiyo ndiyo ya kuandika.

Nianze na hilo neno "Mhandisi", maana lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Hapa Tanzania jina hilo linalindwa na Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997. Ukimaliza shahada unasajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu. Kisha unafanya kazi chini ya usimamizi, na mpango wa bodi wa kuwalea wahitimu huchukua miaka 3, ndipo uombe kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Najua chuoni mnaitana "injinia" tangu wiki ya kwanza, na ni jambo zuri la kutiana moyo. Lakini ukiweka "Eng." mbele ya jina lako mahali ambapo dunia nzima inasoma, mwajiri anayeijua sheria anaanza kujiuliza mengine uliyoyaandika nayo yakoje. Wadogo zangu wa uhasibu, kwenu ni vivyo hivyo: CPA, sifa ya mhasibu aliyethibitishwa, inatoka kwa bodi ya wahasibu, NBAA, baada ya mitihani, haitoki kwenye kuisomea. Andika "mwanafunzi". Hilo ni neno la heshima, na ndilo linalomwambia msomaji akupime kwa kipimo gani.

Sasa logibuku. Kila aliyekwenda fildi ana daftari lile alilojaza siku kwa siku, likasainiwa na msimamizi, likapelekwa chuoni kwa ajili ya alama, kisha likasahaulika. Wasifu wako umelala humo. Kabla hujalikabidhi, lipige picha ukurasa kwa ukurasa, halafu kaa nalo jioni moja ukijiuliza: mikono yangu ilifanya nini, kwa vifaa gani, mara ngapi, na nini kilitokea?

Nitatoa mfano mmoja. Kijana ameandika: "Nilishiriki katika udhibiti wa ubora wa zege." Sentensi hiyo angeweza kuiandika hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga saiti. Ukimwuliza kwa mdomo alifanya nini, anasema alikuwa anapima slampu, yaani ulaini wa zege bichi. Vipi? Hapo uso unabadilika. Anaeleza walivyokuwa wanaisimamisha koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 juu ya bamba, wanaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka wanalishindilia mara 25 kwa fimbo ya chuma, wanaichomoa koni taratibu kwenda juu, halafu wanapima zege limeshuka kiasi gani. Kisha walikuwa wanatengeneza kyubu, yaani michemraba ya zege ya milimita 150, na kuzitunza kwenye maji hadi siku ya kuzivunja maabara ili kupima nguvu yake, nyingine siku ya 7 na nyingine siku ya 28. Nikamwambia: hayo ndiyo uyaandike. Tuliiweka hivi: "Kwa wiki 8 nilipima slampu ya zege na kuandaa kyubu za majaribio kwenye saiti ya jengo la ghorofa, chini ya fundi sanifu wa maabara." Hakuna sifa hata moja humo, na fundi yeyote akiisoma anajua kijana huyu alikuwepo.

Mstari unaokaa chini ya jina lako LinkedIn unabeba herufi 220, na ndio mtu anaouona kwanza hata kabla hajafungua ukurasa wako. Hapo unatosha mwaka wa masomo, fani, na kitu kimoja ulichokwisha kukifanya. Sehemu ya kujieleza inabeba herufi 2,600, lakini kwenye simu mistari michache tu ya mwanzo ndiyo inayoonekana mpaka msomaji abonyeze. Usiitumie mistari hiyo kusalimia.

Kuhusu lugha, wengi wetu tunaandika wasifu kwa Kiingereza kwa sababu barua za kazi huku kwetu zimezoea hivyo. Shida ni kwamba Kiingereza cha wasifu tunakichota kwenye mifano ya watu, na siku hizi kwenye programu za akili mnemba, na kinakuja kimepambwa maneno yasiyokuwa na mwenyewe. Kwa siku moja naweza kusoma aya ileile kwa watu sita. Njia ninayowashauri vijana ni kumweleza kwanza mtu wa nyumbani, kwa Kiswahili, ulifanya nini fildi. Mweleze mama, au kaka anayeendesha bodaboda. Wao hawatakuelewa ukiongea kwa mafumbo, watakuuliza "kwa hiyo ulikuwa unafanya nini hasa?" Jibu lako la pale ndilo la kuandika, kwa lugha yoyote utakayochagua.

Na kama fildi bado hujakwenda? Kuna mwanafunzi wa uhasibu aliyeniambia hana cha kuandika, kumbe kwa miaka miwili ndiye anayetunza hesabu za duka la mama yake: anahesabu bidhaa kila mwisho wa mwezi, anaandika madeni ya wateja, anajua mzigo upi unakaa rafuni. Hiyo ni kazi. Iandike ilivyo, kwa jina lake, usiigeuze kuwa kampuni yenye mkurugenzi.

Yapo machache ya usalama. Namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa na mahali unapoishi havina kazi kwenye wasifu, na matapeli wa ajira wanavitafuta hapo hapo. Anayekutaka utume hela ili upate nafasi, achana naye. Picha za saiti na michoro ya mteja usiziweke bila ruhusa ya msimamizi. Na ukishamwomba ruhusa, mwombe pia aandike maneno mawili matatu kuhusu kazi yako. Maneno ya mtu aliyekuona ukishika koni yananitosha kuliko vyeti kumi vya kozi za mtandaoni.

Msimu uliopita nilikutana na ukurasa wa binti wa mwaka wa 3. Ulikuwa mfupi. Alikuwa ameweka habari moja tu kutoka fildi: lori la zege lilichelewa foleni, zege likafika limekuwa gumu, dereva akataka kuongeza maji, fundi sanifu akakataa na kulirudisha lori. Binti akaandika, "Siku ile sikuelewa kwa nini. Nilimwuliza jioni." Kisha akaeleza alichojibiwa: maji yakizidi kulingana na saruji, zege linalainika kumwagwa lakini nguvu yake inashuka likishakauka.

Tulimwita. Mhandisi wetu mkuu hakumwuliza habari za kujituma wala malengo ya miaka mitano. Alimsogezea karatasi na kalamu, akamwambia, "Hebu nichoree zege la lori lile lilipotoka kwenye koni." Binti akachora kilima kifupi, akasita, akakifuta, akachora kingine kirefu kilichosimama karibu sawa na koni yenyewe. "Lilikuwa gumu," akasema, "halikushuka hivyo." Jumatatu iliyofuata alianza kazi.