Bibi hajarogwa: tunayoyasema huku Moshi kuhusu wazee wanaosahau

“Ni uzee tu.” Hilo ndilo ninalolisikia zaidi, bibi anapotia chumvi kwenye chai au anapouliza babu atarudi saa ngapi, na babu tulishamzika. Kusahau ulikoweka funguo kunaweza kuja na umri. Kupotea ndani ya kihamba, shamba la migomba na kahawa la nyumbani, ulichokipalilia miaka 40 ni jambo jingine: ni dalili ya ugonjwa wa ubongo, dimensia. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita vijijini wilayani Hai, hapa jirani, wakakadiria kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 70 na kuendelea, kama sita wanao. Zaidi ya 90 hawana. Ingekuwa ni uzee tu, wangeugua wote.

“Karogwa.” Au lile linaloniuma kuliko yote: “Yeye ndiye mchawi.” Mama anayezunguka uani usiku akiongea peke yake hamfanyii mtu ubaya. Ubongo wake hautofautishi tena usiku na mchana. Shinikizo la damu na kiharusi ni kati ya vinavyouharibu, na huko huko Hai karibu wazee saba kwa kila 10 walikutwa na shinikizo la juu, wengi bila kujua.

“Dawa hakuna, ya nini kumpeleka hospitali?” Ya kuuponya kweli haipo. Lakini si kila anayesahau ana dimensia: sonona, upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri pia humsahaulisha mtu, na hivyo vinatibika. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, mwahishe. Huenda ni maambukizi. Hata wenye dimensia yenyewe wanasaidika. Wazee 34 wa Hai waliwekwa kwenye vikundi vya mazungumzo na michezo ya kuchangamsha akili, vipindi 14 kwa wiki saba. Kumbukumbu zao zikaongezeka nguvu, wasiwasi ukapungua.

“Sisi wazee wetu tunawatunza nyumbani.” Anawatunza nani? Ninamjua binti aliyefunga genge lake la mboga ili ashinde na mama yake. Ndugu wa mjini wanapanda huku mlimani Desemba, wanachinja, wanashuka. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilizungumzia matibabu bure kwa wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi, na wasio na ndugu wana makazi ya wazee ya Njoro, hapa Moshi. Zanzibar, tangu 2016, wakazi wenye miaka 70 na zaidi wanapata pensheni kila mwezi. Bara hatuna ya namna hiyo, na genge la yule binti bado limefungwa.