Je, wajua kwa nini ng'ombe wa Whitney huwaliza wachezaji wa Pokémon?

Ukitaka kumjua mtu aliyecheza Pokémon Gold au Silver zamani, mtajie jina moja tu: Miltank. Atacheka, au atasonya. Mimi ni wa kusonya. Nilifungwa mara nne mfululizo na ng'ombe wa waridi mwenye tabasamu, na hadi leo nikimwona kwenye kibandiko cha mtoto mwili unanisisimka.

Kwa asiyejua: gemu hizo mbili zilitoka Japani tarehe 21 Novemba 1999. Unakamata viumbe, unawafuga, unawapiganisha, huku ukizunguka miji kutafuta beji. Beji wanazo viongozi wa jimu, yaani kumbi za mapambano, na kila kiongozi ni bingwa wa aina moja ya viumbe. Falkner ana ndege, Bugsy ana wadudu. Wa tatu ni Whitney wa mji wa Goldenrod, binti anayetumia aina ya kawaida. Hapo ndipo penye fumbo, maana aina ya kawaida ndiyo butu kuliko zote. Moto huunguza nyasi, maji huzima moto, lakini pigo la kawaida halimpi adui yeyote maumivu ya ziada. Sasa bingwa wa aina butu anawezaje kuwa kisiki kuliko wa ndege na wa wadudu?

Wengi wetu tulijifunza kupambana na mabingwa kwa kukariri jedwali la aina. Pigo likimpata mwenye udhaifu, madhara yanazidishwa kwa 2. Likimpata mwenye ukinzani, yanagawanywa kwa 2. Kiumbe mwenye aina mbili anaweza kula mara 4. Basi unaangalia bango la jimu, unatafuta kinyume chake, unaingia. Mbinu hiyo hufanya kazi vizuri kwa Brock, bingwa wa mwamba katika gemu za kwanza kabisa za 1996. Geodude na Onix wake ni mwamba na ardhi kwa pamoja, kwa hiyo maji au nyasi huwapiga mara 4. Ukiwa na Squirtle wa maji au Bulbasaur wa nyasi, umemaliza.

Ila hata kwa Brock jedwali halisemi kila kitu. Aliyeanza na Charmander wa moto huambiwa ameumia, maana moto dhidi ya mwamba hupungua nusu. Kweli hupungua. Lakini dhidi ya mapigo ya mwili kama kuparua Onix ana ulinzi wa 160, ukuta hasa, na dhidi ya mapigo maalumu kama moto ana 30 tu. Nimewahi kukaa na kalamu nikapiga hesabu: Charmander wa levo 12 akimparua Onix kwa Scratch anamtoa pointi 1 ya uhai, labda 2. Akimpulizia Ember, ile ile inayosemwa haifai, anamtoa kama 5. Onix ana pointi 36 hivi. Kwa hiyo mwenye Charmander anayeng'ang'ania kuparua atakesha, na mwenye kutema moto atapata beji bila kufuga kiumbe wa ziada.

Turudi kwa Whitney. Jedwali linasema udhaifu wa aina ya kawaida ni mmoja tu, aina ya mapigano. Kufikia Goldenrod wachezaji wengi hawana kiumbe wa mapigano, kwa hiyo wanaingia na walichonacho: mmojawapo wa wale watatu wa kuanzia ambao mchezaji huchaguliwa mmoja mwanzoni mwa safari, ndege wa porini kama Pidgey au Hoothoot, pengine mdudu. Clefairy, kiumbe wa kwanza wa Whitney, anatangulia, anapigwa, anaanguka. Unajiona umefika. Kisha anatoka Miltank wa levo 20.

Miltank ana mapigo manne. Stomp ndilo pigo pekee la kuumiza la aina yake mwenyewe. Mengine matatu huwezi kuyakisia kwa kuangalia bango la mlangoni. Rollout ni pigo la mwamba: anajikunja na kubiringika. Zamu ya kwanza lina nguvu 30, kitu cha kuchekesha. Lisipokosa, zamu ya pili ni 60, kisha 120, kisha 240, na ya tano 480. Sasa tazama nani wenye udhaifu kwa mwamba: moto, ndege, wadudu. Yaani karibu kundi zima ulilokuja nalo. Quilava wangu wa moto, wa levo 18, alikuwa na uhai wa pointi 51 hivi. Mbiringiko wa kwanza ulimtoa karibu 20, wa pili karibu 40. Zamu mbili, kwaheri.

Halafu nikafanya kosa ambalo naamini ndilo hasa linalowaliza watu. Nikatoa kiumbe mwingine. Rollout haianzi upya kwa kuwa umebadilisha kiumbe uwanjani. Hesabu yake inaendelea, na anayeingia anapokelewa na 120, anayemfuata na 240. Kila unayemtupa ili "apunguze kasi" anakutana na jiwe kubwa kuliko lililomwangusha mwenzake.

Ukiponea hapo kuna Attract. Pigo hili humpumbaza kiumbe wa jinsia tofauti kwa mapenzi, na aliyepumbazwa hushindwa kushambulia nusu ya zamu zake. Miltank wote ni majike. Wale wa kuanzia, katika kila wanane saba ni madume. Kwa hiyo kipenzi chako ulichokilea tangu mwanzo wa safari ndicho kinachosimama kumkodolea macho ng'ombe. Na ukifanikiwa kumjeruhi, anakunywa maziwa yake, Milk Drink, anarudisha nusu ya uhai wake wote. Uhai wake ni kama pointi 70. Ukimtoa 25 kwa zamu, maziwa yanamrudishia 35. Unateka maji kwa pakacha.

Hapo ndipo unaelewa kwamba ubingwa wa Whitney hauko kwenye aina. Uko kwenye mpangilio: mapenzi yakuzuie, maziwa yafute kazi yako, mbiringiko umalize. Kumpangia mtu wa namna hii unaanza kwa kumuuliza anashinda vipi. Mimi niliketi nikajiuliza swali hilo baada ya kufungwa mara ya nne, na jibu lilikuwa ndani ya Rollout yenyewe.

Akishaanza kubiringika hawezi kuacha. Amefungwa humo mpaka zamu tano ziishe au akose. Kwa maana nyingine, wakati anatisha kuliko wote ndio wakati hawezi kunywa maziwa wala kumtongoza mtu. Kila pigo unalompiga akiwa kwenye mbiringiko linabaki. Kwa hiyo unachohitaji ni kiumbe wa kusimama mbele ya Rollout zamu tatu nne huku akipiga. Anayefaa ni yule asiyeumizwa sana na mwamba na ambaye, ikiwezekana, ni jike.

Waandaaji wa gemu waliliweka jibu mjini humo humo, hatua chache kutoka jimu. Ghorofa ya tano ya duka kubwa la Goldenrod kuna mtu anayetaka kiumbe aitwaye Drowzee. Ukimpa, anakupa Machop aitwaye Muscle. Drowzee unamkamata kwenye njia ya 34, kusini tu mwa mji. Machop ni wa mapigano, kwa hiyo anampiga Miltank mara 2, na aina hiyo hupunguza mapigo ya mwamba nusu. Na huyu Muscle, licha ya jina na misuli yake, ni jike. Attract haimgusi.

Nikapiga hesabu tena, maana nilishachoka kufungwa. Machop huyo hupata levo ya Drowzee uliyemtoa. Akiwa levo 18, ana uhai wa 57 hivi. Mbiringiko wa kwanza unamtoa 5, wa pili kama 11, wa tatu kama 22. Bado yu hai. Wa nne ndio unaomwangusha. Yeye naye kwa Low Kick anamtoa Miltank kama 24 kila zamu, na mara tatu ni 72. Miltank ana kasi zaidi, hutangulia kupiga, lakini hesabu ya mateke matatu kwa mibiringiko minne iko upande wako. Kwa uzi mwembamba, nakubali.

Ili uzi usikatike kuna nyongeza ndogo ambayo wengi wanaisahau mfukoni. Falkner, yule wa ndege, ukimshinda anakupa mashine ya kufundishia pigo la Mud-Slap, la kumrushia adui matope machoni. Nguvu yake haina maana. Maana iko kwenye shabaha: Rollout hulenga kwa asilimia 90, na tope moja tu linaishusha hadi kama 67. Likikosa mara moja, hesabu inarudi 30. Geodude wa kwenye mapango naye anafaa kwa kusimama tu, kwa kuwa Stomp na Rollout zote humpata nusu. Huyo angalia jinsia kabla ya kumwingiza. Gastly wa usiku, mzuka asiyeguswa na Stomp, huwavutia wengi, ila Rollout humpata sawasawa na ngozi yake ni karatasi. Mwingize kumlaza Miltank usingizi kwa Hypnosis, maana aliyelala habiringiki, na usimtegemee kwa zaidi ya hapo.

Mara ya tano nilitanguliza matope, nikamwingiza Muscle. Miltank alikosa mbiringiko wa pili. Mateke matatu, akalala.

Whitney akaangua kilio. Si maneno ya kujazia, ndivyo gemu ilivyoandikwa: anakataa kukupa beji, unaondoka kuelekea mlangoni, msichana mmoja wa jimu anakusimamisha kukueleza kwamba huwa analia akishindwa, unarudi, ndipo anakabidhi. Pamoja na beji anakupa zawadi, mashine namba 45. Nilipoifungua ilikuwa Attract.