Hudi na polaraiza kwenye lenzi moja

Vijana wanaopiga picha Shangani na Mikindani, hapa Mtwara, huniuliza sana: ukishafunga polaraiza (filta ya kuzungusha inayopunguza mng'aro na kukoleza anga), hudi (kikinga jua cha mbele ya lenzi) uivue au uiache? Iache. Najua hudi inaziba njia ya vidole kufikia pete ya filta, na ndiyo sababu wengi huitupia kwenye begi. Lakini ukiivua unakuwa umenunua kioo cha gharama kisha ukakianika juani.

Polaraiza ni kioo kilichoongezwa mbele ya lenzi, na kila kioo kina nyuso mbili zinazorudisha mwanga. Jua likikipiga kwa ubavu, mwanga unadundadunda kati ya filta na lenzi, weusi unageuka kijivu na rangi zinapauka. Ule ubuluu wa bahari ulioufungia filta unaliwa na mwanga wa pembeni. Kwa hiyo lenzi yenye polaraiza inahitaji hudi kuliko lenzi tupu.

Sasa vidole. Hudi fupi yenye makato kama petali ina nafasi: pitisha kidole cha shahada kwenye kato la chini, usukume pete taratibu huku ukitazama picha. Hudi ndefu za lenzi za kuvuta mbali hazikupi nafasi hiyo, ila baadhi zimetengenezwa na kidirisha cha kuteleza upande wa chini, kwa kazi hiyohiyo. Yako haina? Vua hudi, zungusha filta mpaka uridhike, rudisha hudi. Kwa kuwa hudi inashika kwenye mwili wa lenzi na si kwenye filta, pete haitasogea. Angalia tu usiiguse unapoirudisha.

Zungusha daima upande wa kukaza. Ukiwa nyuma ya kamera, huo ni kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Ukizoea upande wa pili, siku moja filta itafunguka hesi zake ndani ya hudi bila wewe kuona, na ufukweni Msimbati mchanga hauchagui cha kumeza. Ukiigeuza kamera kutoka picha ya ulalo kwenda ya wima, polaraiza nayo imegeuka digrii 90, yaani kutoka nguvu yake yote hadi karibu na sifuri. Izungushe upya. Hili watu husahau kuliko yote.

Kuna hudi za mpira zinazofungwa kwenye hesi za mbele za filta yenyewe. Kwa lenzi ya kawaida zinafaa sana, kwa kuwa ukizungusha hudi umezungusha filta. Ila iwe ya mviringo. Ya petali ikizunguka, masikio yake yataingia kwenye picha na kutia pembe giza. Na filta ya UV (ile ya kukinga lenzi) itoe kwanza; vioo viwili juu ya lenzi pana, yaani inayochukua eneo kubwa, huleta giza lilelile kwenye pembe.

Upande wa jua ndio unaotaka akili zaidi. Polaraiza inaikoleza anga kwa nguvu zote pale unapotazama digrii 90 kutoka jua lilipo. Elekeza kidole cha shahada kwenye jua, nyoosha dole gumba lifanye pembe mraba, kisha zungusha kiganja: kila gumba linakopita ndiko anga litakapokolea. Ufuko wetu mwingi unatazama mashariki. Asubuhi jua liko mbele yako, jioni liko mgongoni, na nyakati zote mbili anga lililo juu ya bahari halibadiliki sana hata uzungushe mpaka kesho. Geuka kaskazini au kusini, upige kufuata mstari wa ufuko. Karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena karibu na tarehe 21 Februari, jua la saa sita mchana linapita utosini hapa Mtwara, na mkanda wa anga linalokolea, ule wa digrii 90, unashuka hadi kwenye upeo pande zote. Saa ambayo wapiga picha hukimbilia kivulini ndiyo inayofaa kwa mashua na anga la buluu.

Maji yana pembe yake. Mng'aro wa juu hupungua zaidi lenzi ikiinama kama digrii 37 kutoka ulalo. Ukiwa umesimama wima ufukweni, hayo ni maji ya hatua mbili tatu mbele yako. Hapo utaona mchanga, nyasi za bahari na miamba ya chini. Majani ya mkorosho baada ya mvua nayo hupoteza ule weupe na kurudi kijani. Kinyago cha mpingo kilichong'arishwa, ukikipiga nje, kitaonyesha nyuzi za mti badala ya taswira ya anga.

Gharama yake ni mwanga: stopu moja hadi mbili, na kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu. Shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/500 ya sekunde inaweza kushuka hadi 1/125, hivyo kwa ngalawa inayokwenda mbio pandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga). Kwa lenzi pana sana punguza nguvu ya filta, la sivyo anga litakuwa na bonde jeusi katikati. Na jua likiwa ndani ya fremu, hudi haikusaidii tena. Hapo vua polaraiza.

Chumvi ya upepo wa kusi hukaa kwenye filta hata ndani ya hudi. Puliza mchanga kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo upitishe kitambaa.