Mlenda haurudishi gegedu la nyonga

Wiki iliyopita hapa Tabora alikuja mama mmoja akichechemea, mkononi ana picha ya eksirei, kwenye kikapu ana chupa ya maji ya bamia. "Daktari, mafuta ya nyonga yamekauka. Nakunywa mwezi wa nne huu, mbona hayarudi?"

Nimechoka kulisikia hili. Niliiinua picha dirishani nikamwonyesha ule ufa mweusi kati ya kichwa cha paja na kikombe chake. Pale si pa mafuta. Pale pana gegedu, lile tabaka laini linaloteleza linalofunika ncha za mifupa, ila eksirei hailioni. Kulia ufa ulikuwa mpana. Kushoto mfupa unakaribia kugusa mfupa. Ute wa kiungo, ambao ndio watu huuita mafuta, haujaisha, tena nyonga iliyochakaa mara nyingi huuzidisha. Kilicholika ni gegedu, nalo halina mishipa ya damu, kwa hiyo likichimbika halijiungi kama ngozi. Mlenda na supu ya kongoro husagwa tumboni kama chakula kingine chochote. Haviendi kubandika nyongani. Kuleni, ni chakula kizuri, ila msingojee dawa humo.

Kungojea ndiko kunakoniuma. Kidonda kidogo cha gegedu kwa kijana kinaweza kufanyiwa upasuaji: kingo husafishwa, mfupa hutobolewa vitundu, damu ya uboho, yaani ya ndani ya mfupa, huganda pale na kuotesha gegedu la kovu. Si imara kama la asili, na mtu hutembelea magongo wiki 6 hadi 8. Kuna pia kupandikiza chembe hai za gegedu zilizokuzwa maabara, njia iliyotangazwa Uswidi mwaka 1994 kwa magoti. Hiyo hutaka upasuaji mara mbili.

Gegedu likiisha lote, hakuna pa kupandikiza. Mzee wa miaka 70 huwekewa nyonga ya bandia, kazi ambayo daktari mpasuaji John Charnley aliiweka sawa Uingereza miaka ya 1960.

Wengine huniambia, "Linauma goti, si nyonga." Maumivu ya nyonga hushuka gotini. Goti likionekana zima, omba nyonga ipimwe. Mwenye selimundu (sickle cell) asikae na maumivu hayo hata kidogo: kichwa cha paja kinaweza kukosa damu kikafa.

Wengine husema, "Basi nilale tu." Hapana! Gegedu hulishwa na ute, na ute husukumwa na mwendo. Tabora ni tambarare. Pandeni baiskeli, tandiko lipandishwe kidogo. Na fimbo, nawasihi, ishikwe mkono wa upande usiouma. Yule mama alikuwa ameishika upande wa maumivu. Tulimbadilishia, akatembea hadi mlangoni, akasimama, akairudia ile njia bila kuambiwa.