Kombe la Uganda: mtoano ni nini?

Fundi viatu mmoja hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, mtu mzima ninayemheshimu, aliniuliza swali hili sindano ikiwa bado imekwama kwenye ndala ya mteja na redio ikinguruma juu ya msumari: "Mwanangu, ubingwa wa ligi wamechukua wale, na Afrika wanapelekwa hawa pia. Hawa wameshinda nini?"

Wameshinda Kombe la Uganda, mzee. Na kombe si ligi.

Katika ligi timu hukusanya pointi. Zikiwa timu 16, kila moja ikikutana na mwenzake nyumbani na ugenini, kila timu inatimiza mechi 30. Ukifungwa leo, wiki ijayo unajiuliza tena. Kombe halina subira hiyo. Neno lenyewe linajieleza: mtoano ni kutoana. Wawili wanaingia uwanjani, mmoja anaaga mashindano. Ndiyo maana hesabu yake ni rahisi: kila mechi inatoa timu moja, kwa hiyo timu 64 zikianza, zinahitajika mechi 63 tu kumpata bingwa, iwapo hakuna hatua ya kurudiana. (Katika misimu kadhaa nusu fainali imechezwa nyumbani na ugenini, kwa hiyo hesabu huongezeka kidogo.) Kutoka 64 wanabaki 32, kisha 16 bora, robo fainali, nusu fainali, fainali. Sare haina mahali pa kukaa. Ikilazimu, mikwaju ya penalti ndiyo inayoamua.

Nani acheze na nani? Hapo inaingia droo. Majina huchanganywa na kuokotwa kwa bahati, na hapa ndipo ninapolipenda kombe kuliko ligi, sioni haya kusema. Timu ya daraja la chini, ambayo wachezaji wake hupanda basi la abiria kwenda mechini, inaweza kupangwa na vigogo wa Ligi Kuu kama KCCA au SC Villa, tena kwenye uwanja wake yenyewe wenye nyasi za mapande mapande. Kwenye ligi wasingekutana kabla ya kupanda daraja, kazi ambayo inaweza kuchukua miaka. Kwenye kombe wanakutana Jumatano ijayo.

Na mara nyingine mdogo anafika mbali. Mwaka 2017 majirani zetu wa Paidha Black Angels, kutoka wilaya ya Zombo, walifika fainali wakiwa si timu ya Ligi Kuu. KCCA wakawafunga, lakini huku kwetu mkoa wa West Nile jina la Paidha lilikuwa midomoni mwa watu hadi kwenye foleni za maji. Mwaka 2019 Proline walienda mbali zaidi: wakiwa bado daraja la pili walibeba kombe lenyewe, wakaiwakilisha Uganda Afrika. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Kitara ya Hoima, ingawa wao walikuwa tayari Ligi Kuu.

Hapo ndipo lilipo jibu la fundi wangu. Bingwa wa ligi huenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Mshindi wa kombe huenda Kombe la Shirikisho, mashindano yaliyoanza mwaka 2004 baada ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, kuunganisha Kombe la Washindi na Kombe la CAF. Milango miwili, funguo mbili. Timu moja ikizoa vyote viwili, kama KCCA walivyofanya 2017, yenyewe hupitia mlango mkubwa.

Jina nalo lina habari yake. Wazee wengi hawasemi Kombe la Uganda, wanasema Kakungulu. Mashindano yalianza mwaka 1971, miaka 100 baada ya Waingereza kuanzisha Kombe la FA, na kwa muda mrefu yalibeba jina la Mwanamfalme Badru Kakungulu, kiongozi wa Waislamu wa Uganda na mtoto wa Nuhu Mbogo, ndugu yake Kabaka (mfalme wa Buganda) Muteesa wa Kwanza. Ukisafiri upande wa Mbale utakuta wanaomchanganya na Semei Kakungulu, yule jemadari Mganda aliyetawala mashariki na kufariki 1928. Hao ni watu wawili tofauti kabisa, na kombe ni la Badru. Mimi ningefurahi jina lake lirudi rasmi, maana jina la mfadhili hubadilika kila mkataba unapoisha, ila la Kakungulu halijatoka vinywani mwa watu.

Kitu kingine wengi hawakitambui: zamani fainali ilikuwa mali ya Kampala, uwanja wa Nakivubo. Baadaye FUFA, chama cha soka cha Uganda, kikaanza kuipeleka mikoani. Ya 2017 ilichezwa Bukedea, na mwaka uliofuata ikaja kwetu Arua, uwanja wa Green Light, KCCA na Vipers. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wa kwetu. Nilipomkumbusha fundi siku ile, aliweka sindano chini. Alifunga kibanda mapema, akasema, viatu vya watu vikalala ndani bila kushonwa, na wenye viatu hakuna aliyemlalamikia, kwa sababu wote alikutana nao huko huko uwanjani.