"Tumefikia watu elfu ngapi" sio jibu: dhana potofu kuhusu kupima kazi za afya ya jamii

Kila mwaka ripoti za miradi ya afya zinatoka na maneno yaleyale, tumefikia kaya kadhaa, tumewapa mafunzo wahudumu kadhaa, tumepima watoto kadhaa, ukumbi unapiga makofi, mradi unafungwa au unaongezewa pesa. Swali la je kuna mtu amepona ambaye bila huu mradi asingepona, hilo halina hata safu yake kwenye jedwali. Mimi linaniuma sana hili kwa sababu pesa ya afya kwetu ni ndogo, na ikienda kwenye kitu kisichofanya kazi kuna mtu mahali amekosa damu au amekosa gari la kumfikisha hospitali. Hizi ni dhana ninazozisikia kila siku, kwenye vikao, kwenye magrupu ya WhatsApp na mpaka kwa watu wa afya wenyewe.

Dhana: Rufaa zikiongezeka maana yake zahanati zimeshindwa kazi

Hii nakutana nayo mpaka nimechoka. Angalia ngazi zetu Tanzania zilivyo, zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, halafu kanda, halafu Muhimbili. Mfumo mzima umejengwa ili mgonjwa aliyezidi uwezo wa ngazi moja apande nyingine. Nesi wa zahanati akimuona mjamzito presha iko juu, kichwa kinamgonga, anaona maluweluwe, akampeleka mbele fasta, huyo amefanya kazi yake vizuri kabisa, ila kwenye rejista itasomeka rufaa moja zaidi. Mwenzake aliyekaa na mama wa hivohivo mpaka akashikwa na kifafa cha mimba hana rufaa hata moja, na kwenye karatasi anaonekana yuko sawa.

Kwahiyo idadi ya rufaa peke yake haisemi chochote, ikipanda inaweza kuwa habari njema au mbaya, ikishuka vilevile. Cha kuuliza ni hivi: kati ya waliostahili kupelekwa wangapi walipelekwa kweli, kati ya waliopelekwa wangapi walifika, walitumia saa ngapi njiani, walipofika walikuta damu na daktari au walikuta benchi, na je zahanati iliyowatuma ilirudishiwa taarifa ya kilichotokea. Hapo katikati ndo watu wanapotelea. Fomu ya rufaa ikishajazwa na kuingizwa kwenye MTUHA (mfumo wa serikali wa kukusanya takwimu za afya) basi inahesabika rufaa imefanyika, kumbe mgonjwa amerudi nyumbani kwanza, anatafuta nauli, anamsubiri mume atoe neno, anatafuta wa kumwachia watoto, siku ya tatu ameamua kubaki. Na wapo pia walioruka ngazi zote wakaenda moja kwa moja hospitali kubwa kwa sababu hawaiamini zahanati, hao hawana fomu yoyote na hawaonekani popote kwenye hesabu za rufaa.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kuhusu kuchelewa kwa aina tatu kunakoua wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Imepita miaka mingi na bado naona miradi inapima ile ya katikati tu kwa sababu gari linahesabika kirahisi. Ukinunua ambulensi na kule inakoenda chumba cha upasuaji hakina mtu wa dawa ya usingizi, umemuhamisha mama kutoka kuchelewa kwa pili kwenda kuchelewa kwa tatu.

Dhana: Hospitali yenye vifo vingi ndo mbovu

Sio lazima. Rufaa zikianza kufanya kazi, wale waliokuwa wanafia nyumbani au njiani sasa wanafikishwa hospitali kubwa wakiwa hoi, baadhi wanaokolewa na baadhi wanafia pale. Vifo vya ile hospitali vinapanda huku vifo vya wilaya nzima vinashuka! Ukitaka kulinganisha hospitali mbili lazima uangalie wagonjwa walifika katika hali gani, na lazima uhesabu na vifo vya vijijini ambavyo havikupita mlango wa hospitali yoyote. Bila hivyo unamwadhibu daktari kwa kuwapokea wagonjwa wagumu, na akishajua anaadhibiwa kwa hilo ataanza kuwasukuma kwingine.

Dhana: Vifo vya uzazi vimetoka 556 mpaka 104, basi m-mama ndo imefanya hiyo kazi

Hapa naomba nieleweke, mimi naupenda m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Unapiga 115 bure, kituo kinapanga usafiri, kama ambulensi haipo anatumwa dereva wa hapohapo kijijini na analipwa kwa simu. Ni wazo zuri na limejibu tatizo la kweli, lilianzia Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 serikali ikazindua mpango wa kulipeleka nchi nzima.

Ila tazama tarehe. Namba ya 556 kwa kila vizazi hai 100,000 ilitoka kwenye utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16, na ile ya 104 ilitoka kwenye utafiti wa 2022, ambao wahojaji wake walizunguka nyumba kwa nyumba kati ya Februari na Julai mwaka huohuo. Na swali linaloulizwa pale ni kuhusu ndugu wa kike wa anayehojiwa, wangapi wako hai, wangapi walifariki wakiwa wajawazito au baada ya kujifungua, kwahiyo jibu linakusanya vifo vya miaka kadhaa kurudi nyuma. Maana yake 104 inaelezea kipindi ambacho mikoa mingi haikuwa hata na m-mama. Huwezi ukampa sifa za mavuno mtu aliyeleta mbolea mahindi yakiwa yameshavunwa.

Halafu kuna jambo jingine wengi hawalisemi, makadirio ya WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yaliyotoka 2023 yaliiweka Tanzania kwenye 238 kwa mwaka 2020. Mbona zinatofautiana hivyo? Kwa sababu vifo vya uzazi, pamoja na uchungu wake wote, ni tukio la nadra kwenye sampuli ya kaya, kila namba ya aina hii ina wigo mpana wa makosa, na njia za kukokotoa hazifanani. Zote zinakubaliana kwamba tumeshuka na hilo ni la kufurahia kweli, wauguzi na wakunga wamefanya kazi kubwa, vituo vya afya vinavyofanya upasuaji vimeongezeka, wanaojifungulia kwenye vituo wameongezeka. Ila kusema kitu kimoja ndo kimeleta yote ni kuwanyima haki wengine, na ni hatari zaidi kwa sababu kesho tutakata bajeti ya kile kilichofanya kazi kimyakimya.

Dhana: Kabla walikuwa wengi, baada wamepungua, basi mradi umefaulu

Kwa hili mfano bora ninaoujua uko mbali, Camden, jimbo la New Jersey, Marekani. Kule kulikuwa na mpango maarufu uliowalenga wagonjwa wanaolazwa mara kwa mara, watu wenye magonjwa matatu manne, wengine hawana makazi. Timu ya wauguzi na watu wa ustawi wa jamii ilikuwa inamfuata mgonjwa akishatoka hospitali, inampeleka kliniki, inamsaidia dawa na fomu. Ukiangalia kabla na baada, kulazwa kulipungua sana, waandishi wa habari wakaandika, miji mingine ikaiga.

Kisha wakafanya kitu ambacho mimi nakiheshimu mno, wakakubali kujaribiwa. Wagonjwa 800 wakagawanywa kwa kura, nusu wapate mpango na nusu wapate huduma ya kawaida. Matokeo yalitoka 2020: ndani ya siku 180, waliorudi kulazwa kwenye kundi la mpango walikuwa asilimia 62.3, kundi la huduma ya kawaida asilimia 61.7. Yaani sawa. Na makundi yote mawili yalipungua kulazwa karibu kwa kiwango kilekile! Sababu ni kwamba ukimchagua mtu wakati yuko kwenye kipindi chake kibaya kabisa, mara nyingi miezi inayofuata atakuwa nafuu hata usipomgusa. Bila lile kundi la kulinganisha wangeendelea kuamini mpaka leo, na sisi huku tuna miradi chungu nzima inayochagua vijiji vyenye hali mbaya zaidi mwaka huo, inaingia, mwaka unaofuata vimetulia kidogo, ripoti inaandikwa.

Dhana: Unene wa watoto ni tatizo la Wazungu, sisi tuhangaike na utapiamlo tu

Unene uliopitiliza ni utapiamlo pia. Ule utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha watoto chini ya miaka 5 wenye udumavu ni asilimia 30, kutoka 34 za 2015/16, na wenye uzito uliozidi ni kama asilimia 4. Ndogo, ndio, ila mama zao zaidi ya theluthi moja wana uzito uliozidi au unene, na watoto wanakula kwenye sufuria moja na mama zao. Tena mtoto aliyedumaa utotoni akaja kukulia mjini kwenye soda, chipsi na maandazi yuko kwenye hatari zaidi. Na bado mtaani kwetu mtoto bonge ndo anaonekana katunzwa, mama wa mtoto mwembamba ananyooshewa kidole, kwahiyo hata huko kliniki ukimwambia mzazi mtoto amezidi uzito anaona umemuonea wivu.

Dhana: Tukiwapima watoto shuleni na kuwatumia wazazi barua, unene utapungua

Inaonekana ya busara, mzazi akijua atachukua hatua. California wameijaribu kwenye shule 79 zenye watoto zaidi ya 28,000, baadhi ya shule zikapima uzito na urefu na kuwapa wazazi majibu, nyingine zikapima tu bila kutoa majibu, nyingine hazikupima kabisa. Majibu yalichapishwa 2020 na barua hazikupunguza unene, na watoto waliopimwa walizidi kutoridhika na miili yao. Kuna shule binafsi zetu mijini zinaanza mtindo huu, mizani mbele ya darasa na majina yanasomwa kwa sauti. Tafadhali acheni. Kupima ili kujua hali ya watoto kwa ujumla ni sawa, lakini ipimwe faraghani, itumike chati ya umri na jinsia (mtoto hapimwi kwa vipimo vya mtu mzima), na isiitwe kinga kwa sababu mizani haimbadilishii mtoto chakula.

Dhana: Mradi ukitathminiwa na kukutwa hauna matokeo, pesa imepotea

Nilikuwa nasoma utafiti wa Uingereza unaoitwa WAVES, wa shule za msingi 54 eneo la Birmingham na jirani zake, watoto wa miaka 5 na 6. Walipewa dakika 30 za ziada za mazoezi kila siku, wazazi wakafundishwa mapishi, hata klabu ya Aston Villa ilihusika. Mwaka 2018 wakachapisha wazi kwamba hakukuwa na tofauti ya maana ya uzito. Hiyo ni zawadi kwa nchi nyingine yoyote iliyokuwa inataka kumwaga pesa kwenye kitu kama hicho, inakwambia shule peke yake haiwezi kushindana na duka lililoko nje ya geti.

Sasa linganisha na kodi ya vinywaji vyenye sukari hukohuko Uingereza, ilitangazwa 2016 ikaanza Aprili 2018. Viwanda vingi vilipunguza sukari hata kabla haijaanza ili vikwepe kodi. Watafiti wakachukua takwimu za watoto zinazopimwa kila mwaka, wakaangalia mwelekeo wa miaka ya nyuma, na 2023 wakaripoti kwamba wasichana wa miaka 10 na 11 wenye unene walikuwa pungufu kwa asilimia 8 ukilinganisha na pale ambapo mwelekeo ungefika bila kodi. Kwa wavulana hawakuona kitu, na walisema hivyohivyo bila kuficha. Kodi haikumfundisha mtoto yeyote, haikuita semina, na ilifika kwenye kila duka.

Dhana: Tathmini ni kazi ya mfadhili na inafanyika mradi ukiisha

Ukisubiri mwisho umeshachelewa, hujui ulianzia wapi na kila mtu ameshapata huduma, utamlinganisha na nani. Mexico mwaka 1997 serikali ilianza kutoa ruzuku kwa familia maskini kwa sharti la watoto kwenda shule na kliniki. Pesa haikutosha kufika kote kwa mara moja, kwahiyo kwenye vijiji 506 vya utafiti, 320 vikachaguliwa kwa kura kuanza na 186 vikasubiri. Hakuna aliyenyimwa, foleni ilikuwepo tu kama ilivyo kila mahali, tofauti ni kwamba walipima wote tangu mwanzo, na ushahidi ule ulisaidia mpango kuvuka uchaguzi na mabadiliko ya serikali.

Halmashauri zetu zinafanya mambo kwa awamu kila siku. Kama kuna shule 60 na bajeti ya mwaka huu ya bustani, maji safi na chakula bora inatosha shule 20, pigeni kura hadharani kuchagua hizo 20, pimeni watoto wa shule zote 60 kabla hata jembe halijanunuliwa, na mwakani pimeni tena kabla ya awamu ya pili. Na rufaa hivyohivyo, hospitali ya wilaya ipige simu kwenye zahanati kila Ijumaa, yule mama mliyemleta Jumanne alifika saa ngapi na yuko wapi sasa. Nesi aliyejaza ile fomu ndo wa kwanza kustahili jibu, na ndo pekee anayeweza kubadilisha kitu Jumatatu asubuhi.